Mbirimbi za Friza

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, kisha likatoka jua, lile jua la uongo la hapa Granville, Australia, wakati wa baridi, linaloangaza lakini halipashi. Mchana upepo ukaanza. Nimeanika mashuka, yamekauka lakini yamebaki baridi kama yaliyolowa, nikawa nayashika na kuyashika tena, siamini mikono yangu.

Mume wangu amelala kwenye kochi tangu amalize chai, blanketi hadi kidevuni. Mimi nimetoka shifti ya alfajiri kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nimewaogesha na kuwavisha wazee wa watu, nimerudi kumvisha soksi wa kwangu. Nimechoka. Silalamiki, nasema tu ilivyo. Leo jioni wifi yangu anakuja kula, mara ya kwanza tangu yale mambo ya mbirimbi, na nimeona niyaandike kabla hajafika. Akishakuja nitayakumbuka vingine. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, mambo ya figo na dawa siyajui kwa undani, naweza kukosea. Tena anayeandikwa ni wifi, dada wa mume wangu. Mke akiandika habari za wifi yake, msomaji asimeze kila kitu. Nitajitahidi kumtendea haki.

Mume wangu ana sukari miaka mingi, tangu tukiwa Tanga. Tulipofika huku aliendesha fokolifti ya kupandisha mizigo kwenye ghala, anakula mkate kwenye gari, anameza vidonge akikumbuka. Mwaka jana daktari wetu alimpima mkojo akasema protini inavuja, maana yake figo zimeanza kuchoka. Alisema kwa upole, lakini mwishoni alitaja mashine ya kuosha damu. Alisema si leo wala kesho, ila ndiko njia inakoelekea tusipoangalia. Sasa pale msikitini kuna mzee mmoja anayekwenda kwenye hiyo mashine. Mkono wake una mshipa umevimba kama kamba chini ya ngozi. Mume wangu aliporudi nyumbani siku ile hakuuliza habari ya figo. Aliketi akautazama mkono wake.

Wifi akasikia. Yeye anakaa Merrylands, si mbali, ni kituo kimoja tu cha treni. Ni dada mkubwa, mama yao alikufa mume wangu akiwa mdogo sana, na aliyembeba mgongoni ni yeye. Hilo nalitaja mwanzo kwa sababu bila hilo yote yanayofuata yataonekana ubishi wa wanawake wawili jikoni.

Kesho yake alikuja na mfuko. Unga wa mlonge. Manjano mabichi, yale ya mizizi, yanayopaka rangi kila kitu. Habasoda, zile mbegu nyeusi. Uwatu wa kuloweka usiku. Kila wiki likaongezeka jambo, kwa sababu katika simu yake kuna makundi ya akina mama wa kwetu, wengine wako Mombasa, wengine Unguja, wengine huku huku, na hao wanatumiana sauti tangu asubuhi. Huyu kasikia manjano yanazuia figo kuungua. Yule kasikia habasoda inashusha sukari na kulinda figo pamoja. Wifi alikuwa akinisikilizisha hizo sauti nikikatakata vitunguu.

"Umesikia, wifi? Umesikia huyo? Amesema wamejaribu."

"Wamejaribu kwa nani?"

"Kwa panya, lakini wamejaribu!"

"Basi tumtafutie panya wako dawa."

"Wewe ulimi huo! Ndiyo maana mdogo wangu kakonda."

Ndivyo tulivyo, utani ni wa siku zote. Na kwetu dawa haishukuriwi. Ukisema asante kwa dawa, wanasema, umeifukuza nguvu yake. Kwa hiyo wifi alikuwa anaweka mfuko mezani, mume wangu anasema "haya," basi. Miezi yote ile ya kupanda treni na mifuko, dada wa watu alipata "haya." Sijui kama mila hii ina maana yoyote. Nilikuwa naona uso wake anapoondoka, ni uso wa mtu aliyesubiri kitu, halafu akajikumbusha kuwa hatakiwi kukisubiri.

Mimi niliogopa kuchanganya dawa. Kazini tunafundishwa kuwa mzee hapewi kitu ambacho daktari hakijui, hata kidonge cha usingizi cha dukani. Nikamwambia mume wangu twende na vitu vyote kwa daktari. Wifi hakukataa, namsifu kwa hilo. Alisema, "Pelekeni, mimi siuzi magendo." Tukabeba mfuko mzima.

Daktari alivitoa kimoja kimoja akavinusa. Hakucheka. Binti yetu alikuwepo kututafsiria pale Kiingereza kinapotuzidi. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, hata nikimgombeza. Daktari alisema mlonge aache, madini yake yanaweza kulundikana figo zikiwa dhaifu. Manjano ya kwenye mchuzi si neno, ila ya vijiko na vidonge hapana. Habasoda chembe chache kwenye mkate, sawa. Nikajikaza nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa.

"Dokta, kwani hakuna kitu kwenye miti kinacholinda figo? Wanaosema hivyo wote ni waongo?"

Akasema si waongo wote. Alisema wako watu wanaochunguza hivyo vitu kwenye maabara, tena kwa bidii, na vingine vinatia matumaini, ila bado haijulikani kipimo gani, kwa mgonjwa gani, kwa muda gani. Halafu akachukua boksi la kidonge kipya alichompa mume wangu kwa ajili ya figo, akaligonga kwa kidole. Akasema asili ya hiki ni kitu kilichopatikana kwenye gome la mti wa epo, tofaa la Kizungu. Watu wakakichunguza miaka na miaka, wakakigeuza kidogo, wakakipima, ndipo kikawa kidonge.

Nilipomwambia wifi alipiga vigelegele jikoni kwangu.

"Si nilisema! Si nilisema! Gome! Hata wao wameanza kwenye gome!"

"Kasema wamekipima miaka mingi, wifi."

"Na sisi tumepima. Bibi yangu alipima."

  Bibi yake huenda alipima kweli, kwa njia yake, na alichokipima huenda ndicho kinachotafutwa sasa kwenye maabara. Nasema huenda.

Sasa mbirimbi.

Asiyezijua: ni tunda refu la kijani, kama kidole gumba, chachu kupita ndimu. Kwetu haliuzwi kama tunda la kula mezani. Linatiwa kwenye mchuzi wa samaki, linafanywa achari, linaanikwa juani na chumvi. Kila ua lina mti wake, na usipokuwa nao unachuma kwa jirani. Huku tumekaa miaka bila kuziona, tunatia ndimu, tunasema inatosha, na haitoshi.

Wifi alikuwa Cabramatta kununua samaki. Kwenye duka moja la vyakula vya Asia, chini kabisa ya friza, akaziona, zimegandishwa kwenye pakiti, zimepangana kama zilizolala. Alinipigia simu pale pale akiwa amesimama mlangoni mwa friza, nasikia watu wanamwambia asogee.

"Wifi! Mbirimbi!"

"Wapi?"

"Hapa! Zimeganda lakini ndizo! Wallahi ndizo!"

Alilia kwenye simu, na mimi nikalia kwenye chumba cha kufulia cha wazee. Jioni ile alipika samaki wa mbirimbi, na mume wangu, ambaye hamu ya kula ilikuwa imeanza kumpotea, alilamba vidole. Hata binti yetu aliongeza. Siku hiyo hakuna aliyekuwa mgonjwa katika nyumba hii.

Kutoka kwenye mchuzi zikaenda kwenye glasi. Kwetu wako wenye presha na sukari wanaokunywa maji ya mbirimbi asubuhi, na kwenye yale makundi ya simu akina mama wawili watatu walisema inashusha sukari kama mkono unavyoshusha ungo. Wifi akawa anazisaga mbichi, anachuja, hatii sukari, anatuletea chupa. Kila asubuhi glasi moja nzima, tumbo tupu. Sukari ya mume wangu ikashuka kweli, kipimo chake cha kidole nilikiona kwa macho yangu. Siwezi kusema haikushuka. Mimi mwenyewe nilikunywa mara kadhaa, nusu glasi, meno yakaingia ganzi, wifi akanicheka.

"Uso huo! Bwana harusi angekuona hivyo angerudi kwao."

Kisha mume wangu akaanza kuchoka, uchovu mwingine, si ule wa kazi. Chakula kikamchefua. Miguu ikavimba soksi zikaacha pete. Nikamuuliza habari ya mkojo, akanijibu kwa ukali, mtu ambaye si mkali, nikajua unatoka kidogo. Tukampeleka kupimwa damu. Hata siku haikuisha, simu ikapigwa, twende hospitali sasa hivi, tusingoje kesho. Figo zilikuwa zimeanguka ghafla. Daktari wa figo wa pale alisema hilo neno la mashine, na safari hii hakusema si leo wala kesho.

Wakauliza dawa. Tukataja zote. Wakauliza za mitishamba. Tukasema tumeacha, na ni kweli tulikuwa tumeacha: mlonge tumeuweka kabatini, manjano ni ya mchuzi tu. Nilijivunia tunavyojibu vizuri. Wakapima hiki na kile, hawakuona sababu.

Siku ya pili akaja mtaalamu wa lishe, msichana mdogo wa sauti ya taratibu. Yeye hakuuliza dawa. Alimwambia mume wangu amsimulie siku yake moja ya nyumbani kabla ya kuja hospitali, tangu anafumbua macho mpaka analala, kila kilichoingia kinywani. Mume wangu anapenda kusimulia, na alikuwa hajaulizwa kitu kizuri tangu aingie pale. Akaanza. Nimeswali, nimekunywa juisi aliyonitengenezea dada yangu…

"Juisi ya nini?"

Akasema mbirimbi. Msichana hakujua. Binti yetu akatafuta picha kwenye simu akamwonyesha. Yule msichana akaacha kuandika.

"Kiasi gani?" aliuliza.

Mume wangu akaonyesha kwa mkono kimo cha glasi, anatabasamu.

Akatoka, akarudi na daktari wa figo.

Daktari alitueleza, na binti yetu akarudia kwa maneno rahisi. Mbirimbi zina asidi fulani nyingi sana. Ikiingia mwilini inashikana na madini inakuwa kama mchanga mdogo mdogo, na huo mchanga unakwenda kukaa kwenye figo na kuziba vijia vyake. Mtu mzima wa afya akila chache kwenye mchuzi, si kitu. Lakini glasi nzima ya maji yake mabichi, kila siku, kwa figo zilizokwisha choka, ni sumu. Alitumia neno hilo. Kisha akauliza, si kwa ukali, kwa nini hatukusema tulipoulizwa mitishamba.

Nikamjibu mimi. "Dokta, ile si dawa. Ile ni achari."

 Akasema, "Na mimi sikuuliza achari."

Nimemheshimu kwa jibu hilo. Angeweza kutuona wajinga. Lakini nani kwetu angetia mbirimbi kwenye mfuko wa dawa za kumwonyesha daktari? Ni sawa na kumpelekea chumvi. Tulibeba kila kilicholeta shaka, tukaacha nyumbani kile tusichoweza kukishuku kwa sababu tulikua nacho uani.

Ikabaki nani atamwambia wifi. Mume wangu alisema hawezi, akageukia ukutani. Nikaenda mimi, kutoka hospitali moja kwa moja mpaka Merrylands. Njiani nilijipekua moyo. Niliogopa kwamba pengine ndani kabisa kuna furaha ndogo, ya mke aliyepata la kumwambia wifi. Nilitafuta sana. Nadhani haikuwepo, nadhani nilikuwa nimechoka mno kuwa na furaha ya aina yoyote. Lakini mtu hajioni kisogo.

Nilimkuta jikoni, anachuja.

Nikamwambia yote kama daktari alivyosema, sikuongeza. Neno sumu nililiruka. Akalisema yeye.

"Unataka kuniambia nimemlisha sumu ndugu yangu?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Tumekula sisi! Mama kala, bibi kala, nani kafa?"

"Tulikula kwenye mchuzi."

"Na waliokuwa wanakunywa?"

"Sijui, wifi. Huenda figo zao zilikuwa nzima. Huenda wengine walikufa tukasema ni sukari."

Nilijuta kulisema hilo la mwisho, lakini lilikwisha toka. Akaweka chujio chini. Akatazama lile bakuli, maji ya kijani, ameyakamua kwa mikono yake yenye baridi yabisi. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Na wewe si ulikunywa?"

"Nilikunywa, kidogo."

"Kajipime na wewe."

Ndivyo alivyosema. Akamwaga bakuli kwenye sinki, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke muda mrefu, kama ule mchanga uko hapo na anataka uende mbali.

Nilijipima, niko salama. Nilimtumia ujumbe, akajibu "Alhamdulillah" peke yake. Hospitali alikwenda saa ambazo mimi niko kazini. Nyumbani kwetu hakuja tena. Mume wangu aliporuhusiwa kutoka, bila mashine, lakini kwa masharti ya kupimwa damu kila mara na kwa onyo kwamba mlango wa mashine haujafungwa, wifi alituma salamu kupitia kwa binti yetu. Ndivyo tulivyopita vuli ya huku, ya majani kupukutika, hadi baridi hii. Sauti za makundi hazikusikika jikoni kwangu, na nisiwe mnafiki, nilizikosa.

Juzi tukapata majibu. Figo zimepanda. Hazikurudi zilikokuwa, daktari alisema hazitarudi, sehemu fulani imekufa na iliyobaki itabidi ibembelezwe. Lakini zimesimama imara. Mashine, alisema, si sasa, na tukishika masharti huenda ikawa mbali. Kile kidonge cha gome walichokuwa wamekisimamisha amekirudisha. Mume wangu alitoka pale akanyoosha mkono wake juani, akautazama, akaurudisha kwenye koti.

Akampigia simu dada yake tukiwa bado tunangoja treni.

"Dada, njoo Jumamosi upike."

Sikusikia upande wa pili. Nilimsikia mume wangu akisema, "Ndiyo, upike wewe. Huyu wa kwangu anapika kama hospitali."

Usiku. Naendelea, wifi ameshaondoka.

Alifika magharibi, mikono mitupu. Sijawahi kumwona akiingia kwangu bila mfuko, alionekana mfupi. Akasimama mlangoni mwa jiko, haingii.

"Nitie nini?" akauliza. "Niambie, maana mimi sijui tena kipi ni chakula."

Nikasema samaki ni huyu, changu, chumvi kidogo tu, ndimu inaruhusiwa, kitunguu na pilipili kama anavyojua. Kabichi ichemshwe kwanza na maji yamwagwe, kupunguza madini.

"Nimwage maji ya mboga?"

"Mwaga."

"Huko si ndiko kwenye utamu!"

"Mwaga, wifi."

"Ya rabi. Mtu katoka Tanga kaja kumwaga utamu Australia."

Akamwaga. Akaninong'oneza, mgongo kwangu, kama habari ya kutisha, kwamba zile pakiti bado ziko kwenye friza yake. Kuzitupa hawezi, kuzipika anaogopa. Nilimwambia yeye figo zake nzima, atie mbili kwenye mchuzi wake, daktari hakukataza. Akasema atafikiri. Sijui kama nilisema sawa. Kesho nitamwambia apimwe figo kwanza.

Mezani mume wangu alikula polepole, wali wake ngumi moja kama alivyopangiwa. Alipomaliza akafuta mikono akamtazama dada yake.

"Asante, dada. Chakula kizuri."

Wifi akainuka haraka, akasema anafuata maji, na jagi lilikuwa hapo mezani limejaa. Alikaa jikoni kitambo. Binti yetu akaniuliza kwa Kiingereza shangazi ana nini. Nikamwambia ale.

Tumekula wali mweupe, changu wa kukaanga kwa ndimu, na kabichi iliyomwagwa maji, imepooza kidogo. Binti yetu kaongeza samaki, wifi kamalizia ukoko.